Kidoa katika Merikani

Ghala la Bwana Hadoki, Shangani, mlango wa nyuma.
Tumechutama arobaini juu ya sandarusi,
mikono imo katika maji ya magadi hadi viwiko,
tunasugua mpaka ngozi yake ya kuku itokeze.
Na zetu zatokeza, ila hizo hazipimwi kwa frasila.

Jioni napewa pesa nane.
Nne za Bibi Zuwena, aliyenipangisha hapa.
Nne zangu, na katika hizo zangu
namlipa mwenye kibanda Ng'ambo.
Hesabu ya nusu mtu naijua. Usinifunze.

Leo meli ya kwao imeleta gazeti la miezi minne nyuma.
Bwana Hadoki analisoma kwa sauti,
uso umemwiva kama pweza wa chunguni.
Anapiga meza: Utumwa usivuke tena hata hatua moja!
Tufaha akanikonyeza:
Shoga, leo twalala waungwana.

Karani Premji anakifahamu kile Kiingereza cha puani.
Nikamwomba anifafanulie, kwa ujira wa tambuu mbili.
Akatafuna kwanza. Ndipo akasema:

Kusini kwao kuna mabwana wa pamba.
Watu wakihesabiwa ili kugawana viti vya baraza,
kila watumwa watano huandikwa watatu,
na viti vya hao watatu hukaliwa na bwana wao.
Wa kaskazini wamechoka kushindwa
kwa idadi ya watu wasiopiga kura.
Tena kuna ardhi, magharibi, pana
(wenyewe hawakuulizwa).
Maskini wa kaskazini ataka akalime huko,
asikute jembe la mtumwa limetangulia, lisilodai ujira.
Na wengi hawamtaki huko mtumwa,
wala mweusi aliye huru.
Wapo, akasema, akatema nje ya mlango,
wapo wanaomwogopa Mungu kwelikweli.
Wenzao huwaona wana wazimu.

Na Bwana Hadoki ni yupi katika hao?

Premji akaitazama mizani.
Yeye anauza merikani.

Usiku nikaivua yangu, nikaitazama kwa koroboi.
Nguo mbichi, haijafuliwa mara tatu,
na ndani ya uzi kidoa cheusi: ganda la kokwa ya pamba.
Kuna vidole vilikipita hiki.
Vilichoka, au mnyapara alikuwa karibu.

Nikaenda kwa Mwalimu Mbwarahaji,
atusomeshaye uani, sisi wajakazi, bila ada.
Nikamwambia: Umetufunza amali ni kwa nia.
Sasa bwana akimwacha mtumwa wake huru
kwa kumkomoa nduguye tu, asimrithi?
Akauliza: Ameshatamka?
Ametamka.
Basi yu huru. Hata kwa mzaha, yu huru.
Nia ataulizwa mwenyewe kaburini.
Neno lile halirudi mdomoni.

Nikatoka nimelishika neno hilo
kama mtu aliyepewa ufunguo
na hakuonyeshwa mlango.

Vita vikaja kwao, vikatufikia kwa bei.
Doti moja ikawa reale, kisha haikuwapo.
Tukajitanda kaniki za Bombei.
Bwana Hadoki akakonda kuliko sisi.

Mwaka wa nne, ndio huo: bendera hadi ncha ya mlingoti,
fataki, mbuzi wawili, mvinyo.
Ameshatamka mkubwa wao! Wote huru!
Alicheza peke yake juu ya roshani,
akatupungia mkono sisi tulio chini,
nasi, kwa adabu, tukampungia.

Asubuhi tukachutama.
Maji ya magadi yalikuwa yale yale.

Merikani ikarudi. Nikafungua jora la kwanza, nikatafuta:
kidoa kipo.
Nikakikwangua kwa ukucha, hakikutoka.
Sijui kama vidole vile sasa vinalipwa.

Karani, huko sasa watano wanahesabiwa wangapi?

Watano.

Na viti vya hao wawili walioongezeka atakalia nani?

Premji akacheka mpaka akakohoa,
akafungua kiganja, akaomba tambuu.